Miguu ya Simba inapinda: nimlishe nini mbwa anayekua?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mtoto wa mbwa wa miezi mitano, mama yake German Shepherd, baba yake mbwa wa kienyeji. Anaitwa Simba, ana kilo 14. Tangu tumchukue akiwa na wiki saba namlisha ugali wa pumba na mapafu ya ng'ombe ninayouziwa buchani kwa bei ndogo. Anakula vizuri na amenenepa, lakini wiki mbili hizi miguu ya mbele imeanza kupinda, na asubuhi hataki kuinuka. Shemeji yangu wa Dar anasema ugali ni sumu kwa mbwa, ninunue chakula cha mfuko. Jirani anasema nimpe maziwa na achomwe sindano ya kalsiamu. Mfuko ni ghali kwangu. Nimsikilize nani?
Mama wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishtua ni hapo uliposema asubuhi hataki kuinuka. Mtoto wa mbwa wa miezi mitano huwa wa kwanza kuamka nyumba nzima. Akibaki amelala ilhali bakuli limeshawekwa, ujue ana maumivu. Kwa hiyo nianze na miguu yake, halafu tuingie jikoni.

Hali uliyoieleza inafanana sana na ugonjwa ninaoukuta kwa mbwa wanaokuzwa kwa nyama laini na nafaka, bila mfupa wowote ndani ya chakula. Mapafu si chakula kibaya. Yana protini ya kutosha, na ndiyo maana Simba amenenepa. Tatizo ni kwamba gramu 100 za mapafu ya ng'ombe zina kama miligramu 10 tu za kalsiamu, huku fosforasi yake ikizidi hiyo mara 20 na ushee. Mbwa anayekua wa ukubwa wa Simba anahitaji takriban miligramu 3,000 za kalsiamu kila siku. Ukitaka azipate kwenye mapafu peke yake, itabidi umpikie kilo 30 kwa siku. Pumba nazo haziokoi kitu: kalsiamu yake ni ndogo sana, fosforasi ni nyingi, na zina asidi ya fitiki inayoikamata hata ile kalsiamu kidogo iliyopo isiingie mwilini.

Sasa mwili haukubali kalsiamu ya kwenye damu ishuke, maana moyo na misuli haviendi bila hiyo. Shingoni mwa mbwa kuna tezi nne ndogo, tezi za parathiroidi, ambazo kazi yake ni kuilinda kalsiamu hiyo. Zikiona imepungua, zinamwaga homoni inayoiamuru mifupa itoe akiba yake. Ukimpima damu wakati huo unaweza kukuta kila kitu ni sawa kabisa, kumbe mifupa inaliwa kutoka ndani. Wiki baada ya wiki mifupa inabaki myepesi, na uzito juu yake unaongezeka kila siku kwa sababu mbwa anakula na kushiba. Miguu inapinda, vidole vinatawanyika, nyayo zinalala bapa. Kisha siku moja anaruka kutoka barazani tu, na mfupa unavunjika. Nimeshawapokea wengi walioletwa siku hiyo ya mwisho, na mwenye mbwa anaapa kwamba hajawahi kumnyima chakula. Anasema kweli.

Wengi huniambia, "Lakini daktari, hapa jua lipo mwaka mzima." Sisi binadamu ngozi zetu hutengeneza vitamini D tukipigwa na jua. Mbwa hana bahati hiyo. Ngozi yake hutengeneza kidogo mno, kwa hiyo vitamini D lazima aile. Ukimwanika Simba uani kutwa nzima miguu haitanyooka.

Nimesema hali hii "inafanana" kwa sababu sijamshika. Kuna mambo mengine yanayopinda miguu ya mbele, kwa mfano kuumia kwa sehemu ya mfupa inayokua, na hayo hayatibiwi kwa chakula. Anahitaji picha ya eksirei. Wewe uko Morogoro, na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko hapo hapo mjini kwenu, basi mpeleke wiki hii. Hadi utakapompeleka, mweke sehemu ndogo yenye sakafu isiyoteleza, asipande ngazi, asikimbizane na watoto, asirukie watu. Usimfunge vijiti miguuni kuinyoosha. Mfupa uliolainika ukibanwa hivyo unaweza kuvunjika pale pale kijiti kinapoishia.

Jirani yako ana nia njema, lakini sindano hiyo siitaki kabisa. Kalsiamu ya sindano hupandisha ile ya kwenye damu kwa saa chache, na mimi nimekwambia ya kwenye damu siyo iliyopungua. Ikiingizwa haraka kwenye mshipa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sindano hizo zina wagonjwa wake, kama mbwa anayenyonyesha aliyepatwa na degedege la kuishiwa kalsiamu, nazo hutolewa na daktari huku akisikiliza moyo. Kuhusu maziwa: mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina kama miligramu 120 za kalsiamu. Kumwongezea Simba miligramu 2,000 ni zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, na kabla hajazimaliza atakuwa ameshaharisha, kwa sababu mbwa walioachishwa kunyonya wengi hawaimudu sukari ya maziwa. Waachie watoto maziwa.

Ipo pia hatari ya upande wa pili, na hii naisema kwa mkazo kwa sababu ukishasikia neno kalsiamu utashawishika kumimina. Tumbo la mtoto wa mbwa haliwezi kuikataa kalsiamu iliyozidi kama linavyoweza la mbwa mzima. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walifanya majaribio kwa watoto wa mbwa wakubwa aina ya Great Dane. Waliolishwa kalsiamu kupita kiasi waliharibika mifupa, ingawa chakula chao kingine kilikuwa kizuri. Mbwa wenye damu ya German Shepherd wako katika kundi hilo la wanaokua haraka. Kipimo nitakachokupa ukifuate kilivyo.

Tuje kwa shemeji. Kwa ugali amekosea, kwa pumba amepatia, ingawa sababu aliyokupa siyo. Mbwa ameishi na binadamu muda mrefu hadi tumbo lake likajifunza wanga. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba mbwamwitu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, wakati mbwa wa nyumbani wana kuanzia nakala 4 hadi 30. Ugali ulioiva, wali, viazi, ndizi za kupika, vyote mbwa anavimeng'enya. Havimtoshelezi vikiwa peke yake, lakini sumu si sumu.

Sumu iko kwenye ukungu. Kwetu mahindi mazuri hukobolewa tukala sembe, pumba zikaenda kwa kuku na mbwa. Mahindi yaliyonyeshewa au kuvunda ghalani, badala ya kutupwa, husagwa "ya mbwa". Ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu hutoa sumukuvu, na kwenye punje sumukuvu hujazana zaidi kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zile zile zinazogeuka kuwa pumba. Kupika hakuiondoi, hata ukiuchemsha ugali saa nzima. Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafariki. Kwetu mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, walikufa watu wapatao 20. Mbwa ni dhaifu kwa sumu hii, inampiga ini. Dalili ni kukataa chakula, kutapika, fizi na weupe wa macho kugeuka njano, choo cheusi au chenye damu. Ukiziona, usisubiri kesho.

Na shemeji asidhani mfuko unamkinga. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 huko Marekani chakula cha mbwa cha mfuko kilirudishwa kutoka madukani baada ya sumukuvu kuhusishwa na vifo vya mbwa zaidi ya 70. Mahindi ni mahindi, yawe ndani ya gunia au ndani ya mfuko unaong'aa. Mimi pumba ningeziacha leo hii. Tumia sembe unayokula wewe na watoto wako, au mchele chenga uliochambuliwa, ambao mara nyingi una bei nafuu.

Sasa sufuria. Kwa kilo 14 na umri wa miezi mitano, Simba anahitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku. Chukua unga wa sembe gramu 120, ambao ni kama kikombe kimoja cha chai. Mapafu gramu 200, yaliyochemshwa na kukatwakatwa. Yai moja la kuchemsha. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula. Dagaa wakavu gramu 40. Pima mara moja kwa mwenye mizani dukani, angalia zinajaza chombo gani, kisha tumia chombo hicho kila siku. Dagaa nawapenda kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, wana madini ya joto na vitamini D, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao wanaleta karibu theluthi ya kalsiamu ya siku nzima. Kwa hiyo usitoe vichwa. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu, wasugue, mwaga maji, rudia, maana waliokaushwa chini ufukweni huja na mchanga, na wengine wametiwa chumvi nyingi. Halafu wakaushe kwenye kikaango na kuwatwanga.

Kinachobaki kukosekana ni miligramu 2,000 za kalsiamu, nazo zipo kwenye ganda la yai. Ganda moja lililosagwa hutoa karibu kijiko kimoja cha chai cha unga, na kijiko hicho kikiwa sawasawa, bila mlima, kina kiasi hicho hicho. Muuza chipsi mayai wa mtaani kwenu anatupa ndoo nzima ya maganda kila usiku, mwombe. Yaoshe, yachemshe dakika kumi, yaanike, yasage kwenye blenda au yatwange kinuni mpaka yawe laini kama unga, kwa sababu chembe kubwa zinapita tumboni bila kuyeyuka. Kijiko kimoja cha chai kwa siku, kimechanganywa ndani ya chakula chote. Duka la dawa za mifugo watakuonyesha unga wa mifupa au DCP, ambayo ni unga wa madini wa kulishia mifugo. Vitu hivyo vina kazi yake, lakini vina fosforasi ndani, na chakula cha Simba tayari kimejaa fosforasi. Tunayoitafuta ni kalsiamu peke yake.

Mara mbili kwa wiki toa gramu 50 za mapafu, weka ini badala yake. Zaidi ya hapo vitamini A itazidi. Mboga weka boga au karoti kidogo. Mchicha una oksaleti inayoshika kalsiamu, na hapa hatuna ya kupoteza.

Nasema wazi kwamba sufuria hii inaziba tundu kubwa, haizibi yote. Zinki, shaba, vitamini E na vingine vichache ni vigumu kuvifikisha kwa kipimo cha mbwa anayekua kwa vyakula vya sokoni. Kwa mbwa mzima upungufu mdogo unavumilika. Kwa mtoto mwenye mifupa iliyokwisha kulainika ningependa msaada wa mfuko, angalau hadi atimize mwaka.

Kabla hujasema ni ghali, piga hesabu ya siku, usiangalie bei ya mfuko. Chakula kikavu kizuri kina kilokalori 3,500 hadi 4,000 kwa kilo. Akila hicho tu, Simba kwa uzito wake wa sasa atatumia kama gramu 270 kwa siku, na mfuko wa kilo 15 utafika siku 55. Akila nusu mfuko na nusu sufuria, utafika karibu siku 110. Ujumlishe na unachokitumia sasa, uone. Mimi kwako ningechagua nusu kwa nusu: gramu 135 za mfuko, nusu ya vipimo vyote vya sufuria, na nusu kijiko cha ganda la yai. Ukiweza mfuko mtupu, ganda la yai liache kabisa, kwa sababu mfuko umeshawekewa kalsiamu yake, na ukiongeza utaangukia kwenye ile hatari ya Utrecht.

Dukani usidanganywe na picha ya mbwa mwenye misuli. Geuza mfuko, soma maandishi madogo. Tafuta tamko kwamba ni chakula kamili kwa mbwa anayekua, na kwa Simba liwe linataja mbwa wa maumbo makubwa. Karibu na tamko hilo mara nyingi utakuta jina AAFCO, viwango vya Marekani, au FEDIAF, vya Ulaya. Hawa hupanga viwango, hawapimi kila mfuko, kwa hiyo jina peke yake lisikulevye. Kwa mtoto, viwango vya AAFCO vinataka protini isiyopungua asilimia 22.5 na kalsiamu isiyopungua asilimia 1.2, na kwa mbwa wakubwa isizidi asilimia 1.8, zote zikipimwa bila maji. Chakula cha mkebe kina maji hata asilimia 78, basi usishtuke protini yake ikiandikwa asilimia 8. Ukiondoa maji inafika asilimia 36. Kikisema ni cha nyongeza au cha kumzawadia mbwa, hicho si mlo. Achana pia na vile vinavyojisifu kwamba havina nafaka. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza uhusiano wa vyakula vya namna hiyo, hasa vyenye njegere na dengu nyingi, na ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa. Jambo hilo halijafikia mwisho, lakini sioni kwa nini ulipie zaidi kuikwepa nafaka ambayo mbwa wako anaimudu.

Na tafadhali, usinunue chakula cha kupimiwa kwa kilo kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa. Najua kinaonekana nafuu. Hujui kilifunguliwa lini, mafuta yake huchacha kwa joto letu, vitamini hupotea, na ukungu hupata nafasi. Afadhali mfuko mdogo uliofungwa, wenye tarehe.

Nirudi kwenye mapafu, kwa sababu ya watoto wa hapo nyumbani. Bucha hutupia mbwa mapafu na maini yenye malengelenge ya maji. Malengelenge hayo mara nyingi ni tegu mchanga. Mbwa akiyala mabichi, tegu anakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, mtoto anamshika mbwa manyoya kisha anakula bila kunawa, na miaka baadaye anaota uvimbe kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani kwa ugonjwa huu. Vipande vyenye malengelenge vikatae buchani, vilivyobaki chemsha nusu saa kamili, na siku ya eksirei mwombe daktari ampe Simba dawa ya tegu yenye prazikwanteli.

Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vikali. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu maji au vitunguu saumu hapana, vinaharibu damu yake. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, pombe, na bazoka zisizo na sukari zenye zailitoli, zote ziwe mbali naye.

Badilisha chakula polepole ndani ya wiki moja, kila siku ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani. Mgawie mara tatu kwa siku hadi afikishe miezi sita, kisha mara mbili. Na usimnenepeshe. Ulivyoandika "amenenepa" uliandika kwa furaha, nakuelewa, ila kwa miguu ile kila kilo ya ziada ni mzigo. Kuna utafiti wa Marekani uliofuatilia Labrador 48 maisha yao yote: waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Pitisha viganja ubavuni mwake. Mbavu uzihisi kwa urahisi chini ya ngozi bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno kimeingia. Mbavu zikijificha, punguza sembe kwanza, dagaa na ganda la yai usiviguse.

Kama eksirei itathibitisha ninachodhani, na akala hivi, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja hadi miwili mifupa huanza kujaa, na maumivu hutangulia kuondoka. Usimfungulie akimbie kwa sababu tu amechangamka. Daktari arudie picha kwanza. Kupinda kwenyewe kunaweza kunyooka kiasi, maana bado anakua, na ndiyo sababu nakuhimiza iwe wiki hii. Mpime uzito siku hiyo hospitalini, kisha kila baada ya wiki mbili, uandike. Vipimo vyote nilivyokupa ni vya kilo 14. Akifika 18 niandikie, tumpangie upya.